Zimwi Likiwa Shujaa, Barakoa ya Nini?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kabla sijaenda mbali, ningependa kuwauliza swali moja dogo. Je, Dracula mnyonya damu akiacha kunyonya damu, akavaa nguo za kubana na kuanza kuwakamata majambazi mjini, bado ataitwa Dracula? Msicheke kwanza. Jambo hili lilitendeka, si ndotoni, bali katika vitabu vya vibonzo vilivyochapishwa Marekani mwaka wa 1966 na kampuni iitwayo Dell. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake wawili: dubwana la Frankenstein na mtu-mbwamwitu. Wote watatu walioshwa, wakachanwa nywele, wakapewa kazi ya ushujaa.

Vibonzo hivi nilivisoma likizoni katika kompyuta ya binamu yangu, nami nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Hata hivyo, kicheko kilipokwisha nilibaki na neno moja moyoni, na ndilo ninalotaka kulitoa hapa. Wako wasomaji wanaosema kwamba vibonzo vile ni takataka tupu, maanake zimwi ni zimwi, haliwezi kuwa shujaa. Wako wengine wanaosema kwamba ule ulikuwa mzaha tu, tusijisumbue nao. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Ninashikilia kwamba kulifanya zimwi kuwa shujaa ni wazo zuri sana. Kosa la Dell lilikuwa kulitaka zimwi lifiche uso wake ndipo likubaliwe na watu. Na kosa hilo, jamani, halikuishia Marekani.

Hebu kwanza tuulizane mazimwi haya yalitoka wapi. Mwaka wa 1815 mlima wa volkano uitwao Tambora, huko Indonesia, ulilipuka na kurusha majivu mengi angani. Mwaka uliofuata hali ya hewa ya Ulaya iliharibika, kukawa na baridi na mvua wakati wa kiangazi. Vijana kadhaa kutoka Uingereza waliokuwa wakikaa kando ya Ziwa Geneva, nchini Uswisi, walifungiwa ndani na mvua hiyo. Mmoja wao, mshairi Byron, akapendekeza kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Msichana mmoja wa miaka 18, ambaye sasa tunamjua kama Mary Shelley, akaanza kutunga kisa cha kijana msomi, Victor Frankenstein, aliyeunda kiumbe kwa mikono yake kisha akamkimbia kwa sababu ya sura yake. Kitabu kilitoka mwaka wa 1818. Daktari John Polidori, aliyekuwa mle mle nyumbani, alitoa hadithi ya mnyonya damu mwaka wa 1819. Kwa hivyo dubwana na mnyonya damu walitoka katika mkutano mmoja wa watu waliochoshwa na mvua! Dracula mwenyewe alifuata mwaka wa 1897 kwa kalamu ya Bram Stoker wa Ireland. Sinema nazo zikawapa sura tunazozijua: Dracula na Frankenstein mwaka wa 1931, na mtu-mbwamwitu aliyetia fora mwaka wa 1941.

Watu wengi hudhani kwamba Frankenstein ni jina la dubwana. La hasha! Hilo ni jina la aliyeliunda. Dubwana lenyewe halikupewa jina lolote na Mary Shelley. Tena halikuzaliwa likiwa ovu. Lilijificha karibu na nyumba ya familia moja maskini, likawa linawachungulia kupitia ufa wa ukuta, na kwa njia hiyo likajifunza kusema na kusoma. Usiku liliwakatia kuni kwa siri. Siku moja likapiga moyo konde na kumwendea mzee wa nyumba ile, aliyekuwa kipofu. Mzee alilisikiliza kwa upole, maanake alisikia sauti tu. Wanawe walipoingia na kuliona, kijana mmoja akalitandika kwa fimbo. Sasa wewe niambie, ubaya ulikuwa wapi? Ulikuwa katika uso wa dubwana au katika macho ya waliolitazama? Hilo ndilo swali la kitabu kizima. Likumbuke, tutalirudia.

Tukivuka hadi miaka ya hamsini ya karne iliyopita, tunakuta vibonzo vya kutisha vimeenea Marekani kama moto wa nyikani. Mwaka wa 1954 daktari wa akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu cha kuvishutumu kwamba vinawaharibu watoto, na kamati ya Seneti ikaketi kusikiliza malalamiko. Wachapishaji wakaingiwa na hofu. Wengi wao wakaungana mwaka huo huo na kujiwekea kanuni kali zilizopiga marufuku wanyonya damu, wafu watembeao na watu wanaogeuka mbwamwitu. Dell walikataa kujiunga, kwa kuwa waliona vibonzo vyao vilikuwa safi tayari. Hivyo basi, kwao mazimwi hayakuwa yamefungiwa mlango.

Kisha ukaja mwezi wa Januari 1966, na mchezo wa Batman ukaanza katika televisheni ya Marekani. Mchezo huo ulikuwa wa mzaha uliojifanya si mzaha. Mwigizaji Adam West alisema maneno ya upuuzi mtupu huku amekaza uso kama karani anayesoma kumbukumbu za mkutano, na kila ngumi iliporushwa, sauti yake iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye skrini. Watu waliupenda ajabu. Wachapishaji nao wakakimbilia mashujaa. Dell wakatazama kabatini mwao, wakayaona mazimwi yamekaa bure, wakasema: hawa hawa wanatosha!

Tuanze na Dracula. Huyu si yule bwana wa zamani bali ni mzawa wa ukoo wake. Ni mwanasayansi anayetafuta dawa ya kutibu ubongo ulioumia, na dawa yenyewe anaitengeneza kutoka kwa popo. Kwa bahati mbaya dawa hiyo inamwingia mwilini, na mara anaweza kujigeuza popo. Badala ya kulia, anaapa kulisafisha jina la ukoo wake kwa kutenda mema. Anahamia Marekani na kujiita Al U. Card. Hebu lisome jina hilo kutoka nyuma kuja mbele uone. Hiyo ndiyo hila ya shujaa wetu ya kujificha! Tena ilikuwa imeshatumika katika filamu moja ya mwaka wa 1943. Mtoto wa darasa la tatu angemgundua kabla ya kengele ya mapumziko.

Wa pili ni mtu-mbwamwitu. Anaitwa Meja Wiley Wolf, rubani wa jeshi la anga. Ndege yake inaanguka katika theluji za kaskazini, anapoteza kumbukumbu na kuishi na mbwamwitu. Anaporudi kwa watu ana rafiki mbwamwitu aitwaye Thor, anavaa nguo nyeusi ya kubana na kuwa jasusi. Je, mwezi mpevu ukichomoza anageuka? Aa, wapi! Hageuki hata ukucha. Ni mtu-mbwamwitu asiye na umbwamwitu, kama chai isiyo na majani.

Wa tatu ni dubwana la Frankenstein, na hapa ndipo ninapotaka tukae kitako. Dubwana linaamka baada ya kulala miaka 100. Lina nguvu zisizo na kifani, na likienda kupambana na wahalifu linavaa nguo nyekundu ya kubana. Linapata utajiri na mtumishi aitwaye William. Na ili liishi miongoni mwa watu, linajitengenezea barakoa yenye sura ya binadamu na kujiita Frank Stone.

Sasa tazameni vizuri, wasomaji wenzangu. Batman huvaa barakoa anapokwenda kupigana, na akirudi nyumbani huivua. Frank Stone ni kinyume. Anapigana na wahalifu kwa uso wake wa kweli, lakini akitaka kwenda dukani, kumsalimu jirani au kukaa na watu, lazima avae barakoa. Maana yake ni nini? Ni kwamba mji ule unazihitaji nguvu zake lakini hauutaki uso wake. Aokoe watu wakati wa hatari, sawa. Aketi nao mezani, hapana! Mary Shelley aliuliza kama ubaya uko katika uso au katika macho ya watu. Dell wakajibu, bila hata kujua kwamba wameulizwa: uko katika uso, kwa hivyo uufiche.

Najua atatokea mtu aseme, "Wee, hivyo ni vibonzo vya kuchekesha, mbona unatafuta falsafa?" Nakubali kwamba kicheko ni kitu kizuri. Zimwi likichekwa hupungua kutisha, na mtoto aliyezoea kumwona Dracula akihangaika na mkanda wake hataogopa kwenda msalani usiku. Kwa hilo nawapa Dell shukrani. Lakini mzaha nao husema jambo. Tena mara nyingi husema lile ambalo mtu mzima angeona haya kulisema waziwazi.

Isitoshe, hadithi zetu wenyewe zinatuonyesha jambo lililo kinyume kabisa. Sote tumesimuliwa ngano ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akampenda kijana mgeni mwenye sura ya kupendeza. Alipofika kwake akagundua kwamba mumewe ni zimwi! Katika ngano hiyo, ile sura nzuri ndiyo barakoa, na kuvaa barakoa ndiko kunakomtambulisha zimwi. Wahenga hawakukosea waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwao wao wa kuogopwa ni yule afichaye sura, si yule aliye na sura isiyopendeza. Kwa nini basi tumwambie mtu mwema ajifiche kama zimwi?

Sasa nirudi nyumbani. Kama mnavyojua, chama chetu kinatayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021. Yuko mwenzetu mmoja ambaye alichomwa na jiko la mafuta ya taa alipokuwa mtoto mdogo, na alama za moto zimebaki shavuni na shingoni. Amenipa ruhusa kuandika haya mradi nisimtaje jina. Hakuna mwanachama asiyejua kwamba ndiye mwenye sauti bora kupita sisi sote. Akighani shairi, hata wale wa Kidato cha Kwanza wanaopenda kusukumana huko nyuma hutulia tuli. Alichaguliwa kuwa mhusika mkuu bila ubishi. Kisha, katika mkutano uliopita, ikatolewa hoja kwamba avae barakoa ya karatasi, ama aghani akiwa nyuma ya pazia huku mwingine akitembea jukwaani, "ili wageni wasishtuke."

Je, hamwoni kwamba huyo ni Frank Stone mwingine? Sauti yake twaitaka, uso wake hatuutaki. Yeye mwenyewe alisema neno moja tu: "Nitaigiza na uso huu huu, au mtafute mtu mwingine." Mlezi wa chama akaahirisha jambo hilo hadi muhula ujao, nasi tutalipigia kura. Ndiyo maana naandika sasa.

Sitaki kuwadhulumu walioitetea hoja ile. Hawana nia mbaya. Wanasema wazazi watanong'onezana na kwamba mwenzetu ndiye atakayeumia. Lakini jamani, sisi ni wanafunzi wa kutwa. Kila asubuhi mwenzetu huyu hupanda matatu, hupita sokoni, hununua kalamu dukani. Minong'ono ya watu ameisikia tangu utotoni na hakuna mtu aliyewahi kumwekea pazia barabarani. Tukimfunika siku ile moja ambayo ana jambo la kujivunia, hatutakuwa tumemlinda. Tutakuwa tumewalinda wageni. Tena mtu anapouona uso asiouzoea hushtuka mara ya kwanza, mara ya pili hutazama, na mara ya tatu husikiliza. Dubwana la Mary Shelley halikupewa nafasi ya kutazamwa mara ya tatu, na msiba wote wa kitabu kile ulianzia hapo.

Wala msidhani kwamba zimwi lenye uso wake haliwezi kupendwa. Ushahidi uko katika vibonzo hivyo hivyo vya Marekani. Kampuni ya Marvel ilikuwa imetoa mwaka wa 1961 kisa cha Ben Grimm, mtu aliyegeuka na kuwa na ngozi kama mawe, na mwaka wa 1962 ikamtoa Hulk. Stan Lee, mmoja wa waliomtunga, alieleza kwamba katika kumtunga Hulk alilifikiria dubwana la Frankenstein. Kweli, Ben Grimm huvaa koti refu na kofia mara nyingine akipita mjini. Lakini akiwa na wenzake huketi, hula na hutaniana nao kwa uso wake wa mawe, na wasomaji wanajua huzuni yake kwa sababu wanaiona. Tena yuko msichana mchongaji sanamu, Alicia, aliyempenda akiwa kipofu, na hapo unamkumbuka yule mzee wa Mary Shelley. Hulk na Ben Grimm wanachapishwa mpaka leo. Mashujaa watatu wa Dell walipata matoleo matatu matatu tu ya vituko vyao, mwaka wa 1966 na 1967, basi. Sisemi kwamba barakoa peke yake ndiyo iliyowaangusha, kwa sababu hadithi zenyewe zilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ninachosema ni kwamba walionyimwa uso walinyimwa pia kilio chao, na shujaa asiye na kilio hatuna sababu ya kumfuata hadi ukurasa wa mwisho.

Hata zile kanuni za mwaka wa 1954 zililegezwa mwaka wa 1971, na mwaka uliofuata Marvel ikatoa vibonzo vya Dracula na vya mtu-mbwamwitu. Safari hii mtu-mbwamwitu aligeuka kweli kweli, kucha na manyoya, na msomaji akamhurumia.

Kwa hayo yote, napendekeza mambo matatu kwa chama chetu. Kwanza, mwenzetu apande jukwaani mbele ya pazia, na uso wake. Pili, tutazame insha zetu. Je, mmewahi kuhesabu ni majambazi wangapi katika insha zetu wenye kovu usoni, jicho moja, au mguu wa kuchechemea? Mtu mwovu tunamjua kwa kovu lake kabla hajatenda lolote! Mwenzetu naye huzisikia insha hizo zikisomwa darasani, akiwa ameketi papo hapo. Hebu tuanze kuwatambulisha waovu kwa matendo yao. Tatu, majina ya utani yanayotokana na maumbile yakome. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini mimi sipendi tuache kucheka kwa sababu ya woga. Tuache kwa sababu tumejifunza kutazama.

Na wale wanaopenda vibonzo, chukueni kalamu mwandike vyenu. Mazimwi tunayo tele katika ngano za nyanya zetu. Wapeni ushujaa, wapeni vituko, wavisheni hata suruali za kubana mkipenda, tucheke pamoja. Lakini nyuso zao msiziguse. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na popo naye huruka kwa ubawa wake wa ngozi, usio na unyoya hata mmoja, na hafiki kwa kuchelewa.

Kura ni muhula ujao. Yangu mmekwisha kuijua.